Maji ya Hodhi na Sumu Zake Mbili

Mtu anayeingia Biashara Street kutokea Digo Road hulakiwa kwanza na nguo: kanga zilizotundikwa doti kwa doti milangoni mwa maduka, vikoi vilivyokunjwa na kupangwa kwa rangi zake, na mafundi wa cherehani walioketi vibarazani wakipinda kanga mpya huku wenye kuzinunua wakingoja. Nyuma ya maduka hayo, kwa upande unaoelekea Mji wa Kale, nyumba zimesongamana ukuta kwa ukuta, na nafasi ya kupumulia ni ua wa hatua chache au sakafu iliyo juu ya dari. Hata hivyo, nafasi hiyo haba yamtosha mwenye kupenda viumbe kujenga hodhi la saruji, kulitia maji, na kufuga samaki humo: perege kwa kitoweo, au samaki wa rangi kwa kuburudisha macho wakati wa magharibi, joto la mchana linapopungua.

Msiba wa mahodhi ya namna hii aghalabu huja kwa njia moja. Maji ya mfereji, ambayo katika kisiwa cha Mombasa hayaji kila siku, hurudi baada ya kukosekana. Mwenye nyumba hujaza matangi na madumu, kisha, kwa kuwahurumia samaki wake ambao maji yao yamepungua na kugeuka rangi, akauelekeza mpira kwenye hodhi na kulijaza mpaka ukingoni. Kesho yake alfajiri samaki wanaelea. Mwenyewe hushuku chakula, au maradhi, au jicho la watu. Ni nadra kuyashuku maji, kwani ni yale yale anayoyanywa yeye na wanawe bila ya kudhurika. Makala haya yamekusudiwa kueleza sababu inayofanya maji yaliyo salama kwa binadamu kuwa sumu kwa samaki, na kuonyesha kwamba tiba yake haianzii katika chupa ya dawa, bali katika kujua kipimo cha kila kitu kilichomo majini.

Kufuga samaki katika maji ya nyumbani si jambo geni katika pwani yetu. Katika nyumba za mawe za Lamu, birika la maji ya kuogea lilitiwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na katika sakafu ya birika mafundi walipachika bakuli la kauri la Kichina, ili maji yakipungua samaki wapate mahali pa kukimbilia mpaka birika lijazwe tena. Faida ya desturi hiyo imekuja kuthibitishwa na elimu ya siku hizi: mwaka 2007 watafiti waliofanya kazi Kisii walitangaza kwamba perege waliorudishwa katika mabwawa yaliyotelekezwa walipunguza viluwiluwi vya mbu wa malaria kwa zaidi ya asilimia 94. Wazee wa Lamu hawakulijua jina la amonia, wala la kloramini, lakini birika lao lilitimiza karibu kila sharti litakalotajwa humu. Samaki walikuwa wachache na wadogo. Hawakulishwa kitu ghairi ya mbu waliojileta wenyewe. Birika lilikuwa kivulini. Na maji yalichotwa kata kwa kata na kurudishwa ndoo kwa ndoo, ya kisima au ya mvua, yasiyokuwa na dawa yoyote. Hodhi la leo limeyageuza masharti hayo yote manne kwa pamoja: samaki ni wengi, chakula ni cha gunia, jua lapiga moja kwa moja, na maji yatoka katika bomba lenye klorini.

Maji hayo ya bomba husafiri safari ndefu kabla ya kufika Mombasa. Sehemu yake hububujika Mzima, katika Tsavo Magharibi, ambako mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu huchujwa na miamba ya volkano, ikatokeza chini ikiwa maji maangavu. Bomba lililolazwa katika miaka ya 1950 huyaleta pwani kwa masafa ya zaidi ya kilomita 200. Sehemu nyingine hutoka chemchemi za Marere katika vilima vya Shimba, na nyingine visima vya Tiwi na vya Baricho, kandokando ya mto Sabaki. Huko Mzima samaki na viboko huogelea katika maji hayo bila ya dhara. Kwa hiyo lawama si ya chemchemi. Kinachoyabadili ni klorini, ambayo hutiwa kwa hoja nzito isiyopasa kubezwa na mfugaji yeyote, kwani tangu mji wa Jersey City, Marekani, ulipoanza mwaka 1908 kuyatia maji yake klorini mfululizo, na miji mingine kuufuata, homa ya matumbo na kipindupindu vimepungukiwa na njia yao kuu ya kuingilia majumbani.

Shirika la Afya Duniani hutaka kila lita ya maji yafikayo kwa mtumiaji iwe ingali na miligramu 0.2 za klorini, kwa uchache, na huhesabu kwamba hata miligramu 5 hazimdhuru mnywaji. Samaki hana uvumilivu huo. Binadamu huyapeleka maji tumboni, ambako klorini hutoweka mara ikutanapo na chakula na ute. Samaki huyapitisha maji yale katika matamvua, yale manyuzi mekundu yaliyofunikwa na mashavu yake, ambapo damu imetengwa na maji kwa utando mwembamba mno. Miligramu 0.02 katika lita, yaani sehemu moja ya kumi ya kile kima cha chini kilichowekwa kwa ajili yetu, zatosha kuanza kuuchoma utando huo.

Na tupige hesabu. Hodhi lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 60 huchukua lita 1,800. Mwenyewe akitoa humus ya maji, yaani sehemu moja ya tano, lita 360, akairudisha kwa maji ya mfereji yenye miligramu 0.5 za klorini katika lita, basi maji yote yakishachanganyika yatakuwa na miligramu 0.1 katika lita, ambayo ni mara tano ya kiasi kianzacho kudhuru. Na hiyo ni humus tu. Aliyejaza nusu ya hodhi amefanya zaidi ya hayo.

Klorini tupu ina sifa moja njema kwa mfugaji, nayo ni kwamba haidumu. Ukiyaacha maji katika chombo kipana kilicho wazi, juani na penye upepo, kwa siku moja au mbili, sehemu yake kubwa huvunjwa na mwangaza na iliyobaki huruka hewani. Na pampu ndogo ya hewa huiharakisha kazi hiyo. Kwa sababu hiyo wafugaji wengi wamepokezana usemi kwamba maji yalale usiku mmoja kabla ya kutiwa samaki, na usemi huo ni wa kweli maadamu kilichomo ni klorini tupu.

Kloramini ni jambo jingine. Hiyo huzaliwa klorini inapokutana na amonia, na tabia yake ni ukaidi: jua haliiondoi upesi, upepo hauiondoi upesi, na huweza kukaa majini siku nyingi. Ukaidi huo ndio uliowapendeza wahandisi wa ng'ambo. Ottawa, nchini Kanada, waliitumia tangu mwaka 1916, na Denver, Marekani, tangu mwaka 1917. San Francisco walihamia kwake mwaka 2004, kwa kuwa hudumu hadi mwisho wa mabomba marefu ambako klorini tupu ingekuwa imekwisha kupotea. Jamaa zetu waliohamia miji kama hiyo, wakitaka kufuga samaki, hupata maji yenye kloramini moja kwa moja katika bomba, na kuyalaza usiku mmoja hakuwafai kitu. Kloramini haiishii kuyachoma matamvua tu, bali huyapita ikaingia katika damu na kuiharibu ile rangi nyekundu ichukuayo hewa. Hata hospitali zinazosafisha damu za wagonjwa wa figo hulazimika kuiondoa kabisa katika maji ya mashine zao, kwa kuwa katika kazi hiyo maji huikaribia damu ya mtu kama yanavyoikaribia damu ya samaki.

Msomaji wa Mombasa aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo, kwani desturi ya huku ni klorini tupu. Lakini kloramini haihitaji kutiwa na mtu. Hujizaa yenyewe kila mahali ambapo wazazi wake wawili hukutana, na katika kisiwa hiki wana mahali pawili pa kukutania. Pa kwanza ni kisimani. Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe ya kale, uliojaa vitundu, na katika mitaa iliyosongamana kisima na shimo la choo havikai mbali. Maji machafu hupenya mwamba na kuingia kisimani pamoja na amonia yake. Kisima hicho kikitiwa klorini wakati wa hofu ya kipindupindu, au maji yake yakipandishwa katika tangi la juu ya dari na kuchanganywa na maji ya mfereji, kloramini hupatikana mumo humo. Mahali pa pili ni ndani ya hodhi lenyewe, kwani kila samaki hutoa amonia mchana na usiku, na klorini iingiayo humkuta mwenzake anaingoja. Kwa hiyo, aliyejaza hodhi lake kwa mpira amefanya, bila ya kujua, kazi ile ile ya wahandisi wa Denver.

Sasa tuitazame amonia yenyewe, ambayo haiji kwa bomba bali kwa mkono wa mwenye kulisha. Samaki akila protini huitumia sehemu yake kujenga mwili, na nitrojeni iliyozidi huitoa kwa matamvua katika sura ya amonia. Gramu 50 za chakula chenye asilimia 30 ya protini huishia kuwa gramu 1.4 hivi za nitrojeni ya amonia, na katika lile hodhi letu la lita 1,800 hizo ni zaidi ya miligramu 0.7 kwa kila lita, kila siku iendayo kwa Mungu. Chakula kilichomwagwa kisiliwe hakipungui madhara, kwani huoza na kutoa amonia hiyo hiyo pasi na kumfaa samaki.

Amonia majini huwa ya hali mbili. Hali ya kwanza imeshikana na haidrojeni na ni pole, samaki huivumilia. Ya pili iko huru, na hiyo ndiyo sumu. Hali hizi hubadilishana kwa amri ya vitu viwili, joto la maji na kile kipimo cha uchachu kiitwacho pH, ambacho hupanda uchachu unapopungua, na ni hapa ambapo Mombasa haiwezi kufuata mashauri yaliyoandikwa kwa ajili ya Uingereza au Japani. Maji ya nyuzi 28, joto la kawaida kwetu, yakiwa na pH ya 7, sumu ni chini ya sehemu moja katika mia ya amonia yote. pH ikiwa 8, sumu ni sehemu 6 au 7. pH ikifika 9, sumu ni sehemu 41 katika mia. Kisiwa cha matumbawe ni kisiwa cha chokaa: maji ya visima vyake, kuta za saruji za mahodhi, na mawe ya matumbawe yanayowekwa humo kwa urembo, vyote huivuta pH kwenda juu.

Kuna jambo jingine linalowapita wengi. Maji ya hodhi lililo juani huwa ya kijani kwa mwani, na mwani huo mchana kutwa hufyonza ile hewa ya kaboni inayoyapa maji uchachu. Hivyo hodhi ambalo alfajiri lilikuwa na pH ya 7.5 laweza kufika 9 inapoingia alasiri. Tuseme amonia yote ni miligramu 0.5 katika lita, asubuhi na jioni sawasawa. Alfajiri, iliyo sumu ni miligramu 0.01, na samaki wanaogelea kwa raha; alasiri, amonia ile ile, isiyoongezeka hata chembe, imekuwa na miligramu 0.2 za sumu, na samaki wanapanda juu kutweta, mashavu yakipigapiga, rangi ya miili ikififia. Perege ni mstahimilivu na huenda asife siku hiyo, lakini atadumaa na kupoteza nguvu za kukinza maradhi. Mwenye kupima maji asubuhi peke yake amepima saa ya salama; kipimo chenye kusema kweli ni cha alasiri.

Mwenyezi Mungu hakuuacha ulimwengu bila ya wenye kuondoa uchafu huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 mwanachuoni wa Kirusi Sergei Winogradsky alifaulu kuwatenga bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitraiti, na wengine wanaoigeuza nitraiti kuwa nitreti. Nitraiti ni sumu pia, inayoigeuza damu ya samaki kuwa ya hudhurungi, ilhali nitreti ni pole na ni chakula cha mimea. Bakteria hao hawaelei ovyo majini, bali hukaa wakiwa utelezi mwembamba juu ya kuta, kokoto na mawe ya chujio. Hupenda joto kama letu na hewa tele, na chokaa ya matumbawe, ambayo huipandisha pH kwa hasara ya samaki, kwao ni riziki, kwani kazi yao huyatia maji uchachu na chokaa huusawazisha. Hodhi jipya halina bakteria hawa wa kutosha. Huchukua wiki nne hadi sita kuzaana mpaka wakidhi haja, na ndiyo sababu hodhi lililojengwa Jumamosi na kujazwa samaki Jumapili huangamiza samaki wake katika wiki ya pili au ya tatu, wakati mwenyewe amekwisha kuona kwamba mambo ni shwari.

Na hapa sumu mbili tulizozitaja huungana na kuwa msiba mmoja. Klorini, iliyoumbwa kuua bakteria wa maradhi, haiwabagui hawa wenye kutufaa; mtu anayejaza hodhi kwa mpira, au anayeyatoa mawe ya chujio na kuyasugua chini ya mfereji mpaka yang'are, huwaua walewale waliokuwa wakiondoa amonia. Samaki akisalimika na sumu ya kwanza siku ya kwanza, sumu ya pili humfuata siku chache baadaye, ikikuta hakuna wa kuizuia. Mawe ya chujio yasuuzwe kwa maji yaliyotolewa hodhini, kwa kiasi cha kuondoa tope tu, na yasikaushwe.

Kutokana na hayo, kazi ya kwanza ya mfugaji ni kupima. Vipimo vya klorini havina shida kupatikana katika mji wa hoteli nyingi kama Mombasa, kwani wenye mabwawa ya kuogelea huvitumia kila siku: vichupa viwili vya kioo na vidonge viitwavyo DPD. Kidonge nambari 1 huyatia maji rangi ya waridi kwa kadiri ya klorini iliyo tupu. Kidonge nambari 3, kikiongezwa katika kichupa hicho hicho, huonyesha klorini yote. Rangi isipobadilika, maji hayana kloramini. Ikikoza, tofauti kati ya rangi ya kwanza na ya pili ndiyo kloramini iliyomo, na maji hayo kuyalaza usiku mmoja hakutoshi. Kipimo cha amonia huuzwa na wenye maduka ya samaki wa urembo. Hutaja amonia yote bila ya kutenga iliyo sumu, kwa hiyo hakina maana pasipo kipimo cha pH kando yake.

Kazi ya pili ni kuyatibu maji mapya katika chombo chao wenyewe kabla ya kuingia hodhini. Dawa iliyo rahisi na ya siku nyingi ni fuwele za thayosalfeti ya sodiamu, ambazo John Herschel aligundua mwaka 1819 kwamba huyeyusha chumvi za fedha, na ambazo kwa sababu hiyo zilikuwamo katika kila chumba cha giza cha wapiga picha. Gramu 7 za fuwele hizo huvunja gramu 1 ya klorini. Yeyusha gramu 70, zilizopimwa kwa mizani ndogo kama ya sonara, katika lita moja ya maji safi, uihifadhi katika chupa nyeusi iliyoandikwa jina na kuwekwa mbali na watoto. Kijiko kimoja cha chai cha maji hayo, mililita 5, hutosha kwa lita 100 za maji ya mfereji yenye klorini ya miligramu 0.5. Vitamini C ya unga mtupu hufanya kazi hiyo hiyo, na gramu 2.5 zake hutosha kwa gramu 1 ya klorini.

Lakini asidanganyike mtu na urahisi huo. Thayosalfeti huivunja kloramini kwa kuiondoa klorini yake, na amonia iliyokuwa imeshikwa nayo huachwa majini: kila miligramu 1 ya klorini iliyokuwa katika kloramini huacha miligramu 0.2 za nitrojeni ya amonia. Katika hodhi lililokomaa bakteria huimaliza amonia hiyo bila ya taabu. Katika hodhi changa, lenye pH ya juu, mwenyewe hutibu jeraha moja akafungua jingine. Zipo dawa za madukani zinazoishika amonia pia, na zafaa wakati wa dharura, ila huishika kwa muda tu ili bakteria wapate nafasi ya kuila, wala hazichukui mahali pao.

Watu wa pwani, ambao vifuu vya nazi havikosi majumbani mwao, huuliza kama makaa yake yaweza kuyachuja maji. Jibu ni kwamba kifuu ndicho mojawapo ya malighafi bora ya makaa ya kuchujia, lakini makaa hayo hufunguliwa vitundu vyake kwa mvuke wenye joto la nyuzi 800 na zaidi. Makaa ya kawaida ya jikoni hayana nguvu hiyo. Yaliyotengenezwa huiondoa klorini upesi, na kloramini polepole, hivyo maji yapite taratibu. Tahadhari ya namna hiyo yaihusu pia zeolaiti, ile changarawe ya kivolkano inayovuta amonia: katika maji baridi hufanya kazi vizuri, lakini chumvi huilazimisha kuiachilia amonia iliyoishika, na visima vingi vya Mji wa Kale vina maji ya magadi na chumvi. Mwenye hodhi la maji ya kisima asitumaini zeolaiti, na mwenye kuitumia katika maji ya mfereji asimwage chumvi humo kutibu ukungu wa samaki kabla ya kuitoa.

Ikiwa samaki wamekwisha kupanda juu kutweta, utaratibu ni huu. Chakula kisimamishwe papo hapo, na samaki mzima hatakufa kwa kukosa kula siku mbili au tatu. Maji yatiwe hewa. Robo ya maji itolewe na kurudishwa kwa maji yaliyokwisha kuondolewa klorini, na jambo hilo lirudiwe kesho yake, badala ya kuyabadili maji yote kwa mkupuo mmoja, kwani badiliko la ghafla la joto na pH ni pigo juu ya pigo. Hodhi litandikwe kivuli cha kuti au jamvi, joto lishuke na mwani upunguze kazi. Isitiwe chokaa, wala matumbawe mapya, wala dawa ya klorini ya kufulia kwa nia ya kuyasafisha maji. Dawa hiyo ikikutana na amonia nyingi hutoa moshi unaomdhuru hata binadamu.

Baada ya dharura hubaki maisha ya kila siku, nayo yataka kiasi. Chakula kiwe kile kinacholiwa chote katika dakika chache. Samaki waongezwe wachache wachache, ili bakteria wapate muda wa kuzaana kwa kadiri yao. Maji yabadilishwe kidogo kila wiki, kwani haba na haba hujaza kibaba. Wakati wa masika na vuli, maji ya mvua yakusanywe kutoka kwenye paa, baada ya manyunyu ya kwanza kuliosha vumbi lake. Hayana klorini wala chumvi, na yakichanganywa na maji yenye chokaa hupatikana maji ya wastani. Yungiyungi lifunike sehemu ya hodhi, lilete kivuli na kula nitreti.

Na maji yatolewayo hodhini yasimwagwe mferejini. Mwenye kuona amonia ni uchafu tu na atazame ilivyofanywa Bamburi, kaskazini mwa kisiwa, ambako René Haller alianza mwaka 1971 kuyafufua machimbo makavu ya matumbawe yaliyoachwa na kiwanda cha saruji, akiyapanda mivinje na kufuga perege mle mle katika mwamba mtupu, mahali ambapo hapakuwa na udongo wa kuotesha hata majani. Samadi ya samaki ni nitrojeni, na nitrojeni ni uhai wa mmea. Katika ua wa Mombasa, lita zile 360 za kila wiki zatosha kuinywesha mirehani, mlangilangi na miasumini inayotoa maua ya vikuba.

Yote yaliyosemwa humu yategemea vipimo ambavyo mtu mmoja hana haja ya kuvimiliki peke yake. Seti moja ya vidonge vya klorini, kipimo kimoja cha amonia na kimoja cha pH zaweza kununuliwa kwa ushirika na majirani wa kichochoro kimoja, na kutumiwa kwa zamu; na vijana wanaosoma kemia shuleni wapewe kazi ya kupima alfajiri na alasiri na kuandika matokeo katika daftari. Daftari hilo, likijazwa kwa mwaka mzima wa kaskazi na kusi, litawapa wafugaji wa kisiwa hiki elimu isiyopatikana katika kitabu chochote cha ng'ambo, kwa kuwa itakuwa imetoka katika maji yao wenyewe. Tena litafaa zaidi ya samaki, kwani jirani atakayejua kwamba kisima chake kina amonia atakuwa amejua pia kwamba shimo la choo limekifikia, na hiyo ni habari inayompasa kuipata kabla ya mwanawe kunywa.